Mdomo Uliojisuka Wenyewe

Plielin Khonglamet, binti wa Drolis. Drolis binti wa Trosibon. Trosibon binti wa Sapli, yule aliyeteremka kutoka uwanda wa juu akiwa na mtoto mgongoni na panga mkononi, akafyeka mteremko wa Umsohlang ambao hata nyani walikuwa wakiupita kwa mbali, akapanda mipopoo mia tatu kabla mtoto hajaota meno. Trosibon ndiye aliyewakamata wezi wawili wa popoo waliopanda kutoka nyanda za chini, akawavua nguo na kuwarudisha kwao wamejifunga majani ya mgomba. Drolis alizaa wanane akazika sita, na siku aliyomzika wa sita alikwenda sokoni vilevile, kwa sababu popoo alizoziloweka zilikuwa zimeshaiva ndani ya maji na popoo haingoji mtu amalize kulia. Kaka zake Drolis, wajomba wa Plielin, ndio waliovuta mizizi ya mpira-mwitu juu ya mto wetu, wakaipitisha ndani ya magogo ya mipopoo yaliyopasuliwa ili isipinde, na wakafa bila kulivuka daraja lenyewe. Kwetu ukoo ni wa mama. Anayetaka habari za baba yake Plielin akaulize kwa watu wa baba yake.

Plielin mwenyewe alitenda haya. Akiwa na miaka kumi na minne alikwea mpopoo mrefu kuliko yote, akauyumbisha mpaka akaudaka wa pili, kutoka wa pili wa tatu, akazunguka shamba zima bila kugusa ardhi. Hiyo ni kazi ya wavulana, na tangu siku hiyo wavulana wakaacha kumtania. Waume wawili aliwafukuza, wa tatu akafa mwenyewe. Alizaa wana wanne wa kiume, wakaoa na kwenda kukaa kwa wake zao kama ilivyo desturi, na binti mmoja tu, Darisuk. Nyumba, shamba na mifupa ya wakubwa huachiwa binti wa mwisho. Plielin alikuwa na binti wa kwanza na wa mwisho ndani ya mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa ameolewa miaka mitatu bila kupata mtoto. Darisuk akiondoka, moto wa nyumba ya Sapli unazimika. Hilo kila mtu Umsohlang alilijua, na maadui wa Plielin walilijua zaidi.

Maadui alikuwa nao wengi. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Ukimsalimia asubuhi alikuangalia kama mtu uliyemkanyaga. Lakini popoo zake zilikuwa hazina mfano, zimelowekwa mpaka zinanuka kuchoma pua, laini, nyekundu ndani, na mtambuu wake ulikuwa na majani mapana kama kiganja cha mwanamume. Watu walitukanwa na bado wakanunua. Naye alikula alichouza. Alianza kutafuna tambuu akiwa na miaka sita, na utu uzima wake wote hakuna aliyepata kumwona shavu likiwa tupu. Akimaliza moja anapaka chokaa jani jingine, anaweka popoo, anakunja, anasokota upande wa kushoto. Siku zote kushoto.

Kwanza ilikuja pilipili. Siku moja alionja samaki mkavu aliyepondwa na Darisuk, akatema tonge lote kwenye majivu.

"Umetia nini humu?"

"Pilipili, Mama. Ileile ya siku zote."

"Mwongo. Umenunua za Therilin, yule mchawi wa sokoni."

Hazikuwa za Therilin. Zilikuwa za nyuma ya nyumba yao, mche uleule. Lakini tangu siku hiyo kila pilipili ilimwunguza Plielin kama kaa la moto, yeye aliyekuwa akizitafuna mbichi mbele ya wachumba wa watu kuwatisha. Akaacha kula pilipili, akasema Darisuk hajui kupika.

Ukafuata wali. Tonge aliloliviringa miaka hamsini halikupita tena. Akaviringa dogo, kisha dogo zaidi, akasema mchele wa siku hizi mgumu. Akashindwa kupuliza moto. Akasema kuni mbichi. Akashindwa kulamba ukingo wa jani la tambuu ili ligande, kwa kuwa ulimi haukutoka nje. Akasema majani yamekauka mwaka huu. Kila kitu kilichomshinda kilikuwa na mwenye kosa, na mwenye kosa hakuwa mdomo wake.

Sokoni hakuna aliyefikiria ugonjwa. Waliona Kong Plie (kwetu kila mwanamke mwenye heshima huitwa Kong) anazungumza meno yamefungana, midomo imebana, mashavu yamekauka kama ngozi ya ngoma. Sasa fikiria: mwanamke ambaye miaka yote ni mkali, leo anaongea kupitia meno. Utasema nini? Utasema hasira zimezidi. Wakasema kiburi. Wakasema shamba la Sapli limempanda kichwani mpaka hataki hata kuwafungulia wenzake kinywa. Naye Plielin aliyasikia, yakampendeza. Afadhali uitwe mwenye kiburi kuliko uulizwe unaumwa nini. Basi akazidisha ukali ili ufanane na mdomo, na mdomo ukazidi kubana kama unaofurahia kupata mwenzake.

Therilin, aliyeuza popoo kwenye jiwe la pili kutoka jiwe la kuuzia la Plielin, na ambaye mama yake na Drolis waligombania mpaka wa shamba, hakuweza kuiacha nafasi hiyo ipite.

"Kong Plie!" alipaza sauti siku soko limejaa. "Leo unauza popoo au unauza miguno? Wateja wanauliza bei, wewe unawafanyia mm-mm-mm kama mbuzi aliyefungwa kamba!"

Watu wakacheka.

"Mwacheni," akaendelea Therilin, "meno yake ni ya dhahabu siku hizi, anaogopa tutayaiba. Fungua basi, Kong, tuone! Aah tu! Sema aah!"

Plielin alichukua popoo moja, nzima na ganda lake, akamrusha nayo. Ikampata Therilin katikati ya paji la uso, ikadunda, ikaanguka kwenye kapu la mtu wa maharage.

"Hiyo ya bure," Plielin akasema kupitia meno. "Nyingine utanunua."

Watu wakaendelea kusimulia kisa hicho kwa misimu miwili, na hakuna aliyekumbuka kwamba hakusema aah.

Kisha akaja nesi. Alikuwa msichana wa uwanda wa juu, Bidahun Marbaniang, mwembamba, viatu vya mpira, kurunzi ndogo imening'inia shingoni. Baraza la kijiji lilitangaza watu waende shuleni wakatazamwe midomo. Walikwenda wengi, walikwenda hata vikongwe wasio na jino. Plielin hakwenda. Siku ya tatu nesi akashuka ngazi mia mbili na zaidi za mawe mpaka mlangoni kwake, mvua inamwagika kama inatupwa.

Plielin hakumpenda, lakini mgeni ni mgeni. Alimwonyesha kigoda karibu na moto, akatoa sinia, akapaka jani chokaa, akaweka kipande cha popoo, akamnyooshea.

"Asante Mama, situmii," akasema Bidahun.

Darisuk, aliyekuwa akichambua majani pembeni, alishusha kazi yake. Nyumba ya Sapli ilikuwa na miaka zaidi ya mia, na humo walikuwa wamepita wadai, mahasimu, wachumba waliokataliwa na mchungaji aliyekuja kuwakemea. Wote walipokea tambuu.

"Hutumii," alirudia Plielin.

"Situmii. Na nisingependa wewe utumie. Nimeambiwa mdomo wako haufunguki."

"Nani kakuambia?"

"Kijiji kizima, Mama. Wao wanadhani ni kiburi."

"Wako sawa. Ni kiburi. Sasa ondoka."

Bidahun hakuondoka. Aliinua mkono wake, akakunja kidole gumba na kidole kidogo, akabakiza vitatu, akavisimamisha kimoja juu ya kingine. "Mtu mzima mwenye afya huweka vidole vyake vitatu hivi, kati ya meno ya juu na ya chini. Weka vyako. Vikiingia, nitaomba radhi na kwenda zangu."

"Sikupimwa mdomo na mama yangu mzazi, nitapimwa na wewe? Unaingia nyumba ya watu, unakataa tambuu yao, halafu unataka kuchungulia meno kama mnunuzi wa farasi! Kwenu hamna adabu?"

"Kwetu adabu ipo. Ila nimezika wanne wenye midomo kama wako mwaka huu."

"Basi kawazike wengine!"

Hapo ndipo Plielin alipofanya kosa, na kosa lenyewe lilitokana na majivuno matupu. Alitaka kumshushua yule msichana. Alitaka arudi juu na aibu yake.

"Unasema tambuu inafunga midomo," akasema. "Mwanangu huyu alianza kutafuna akiwa mdogo kuliko mimi nilivyoanza. Anakula shambani kwangu, jani langu, popoo yangu. Darisuk! Mfungulie huyu mwenye kurunzi. Weka vidole vyako, aone, aende."

Darisuk hakusogea.

"Darisuk, umekuwa kiziwi?"

"Mama, achana naye tu."

"Nimesema weka!"

Darisuk aliinua mkono. Kidole kimoja kikaingia. Cha pili kikaingia kwa kujipenyeza, machozi yakamtoka. Cha tatu kilibaki nje, kimegota kwenye meno. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Plielin alimtazama mwanawe, kisha akatazama bakuli alilolia Darisuk asubuhi, lililokuwa bado chini. Ndani yake mlibaki matonge mawili ya wali. Yalikuwa madogo kama gololi. Miezi mingapi alikuwa akila na mtu huyu mkeka mmoja, akimlaumu kwa mchele mgumu, naye akiviringa matonge yaleyale madogo na kunyamaza!

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Mama? Ungesema nimejipikia vibaya."

Plielin alimgeukia nesi. Watu hudhani wakati kama huo moto wa mtu hupoa. Wake haukupoa, ulihama tu mahali. "Wewe," akasema, "hiyo hospitali yako iko wapi? Na usinipe anwani ya karatasi. Nieleze njia."

Waliondoka kesho yake alfajiri, mama na binti, na nesi alikuwa ametangulia. Bidahun aliwapa sharti moja: hakuna kutafuna, hata njiani. Sasa huko kwetu njia haipimwi kwa saa wala kwa maili. Kutoka nyumba ya Sapli mpaka barabarani ni tambuu nne: ya kwanza inakwisha darajani, ya pili kwenye mchungwa wa Khongsit, ya tatu jiwe refu, ya nne unaitema gari linapiga honi. Plielin alikuwa amepita njia hiyo maisha yake yote hivyo. Siku hiyo walipanda ngazi midomo mitupu, na hawakujua wako wapi. Walipofika jiwe refu walidhani muda uliopita ni wa kufika kwenye mchungwa tu, wakakaa kupumzika. Walipofika barabarani, gari lilikuwa limekwishaondoka, na mtu wa kibanda cha chai akawacheka.

"Kong Plie kaachwa na gari! Leo dunia imegeuka!"

"Imegeuka mama yako," akajibu Plielin, akakaa juu ya kapu lake mpaka gari la mchana, bila chai, bila tambuu, anawatazama wapita njia mpaka wanaharakisha hatua.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi, asiyependa maneno mengi. Aliwakata wote wawili vipande vidogo vya nyama ndani ya shavu. Wiki mbili baadaye aliwaita akawaambia. Darisuk: makovu tu, hakuna saratani bado. Plielin: saratani, shavu la kushoto.

"Makovu gani?" Plielin akauliza. "Mimi sikupigwa mdomoni na mtu. Wapo waliotamani."

Daktari alifikiri kidogo. "Mama, nyama ya mwili si kama udongo uliofinyangwa. Ni chembe hai ndogondogo mno, na zimekaa ndani ya nyuzi, kila moja imeshikiliwa mahali pake. Nyuzi hizo mwili unazisuka wenyewe, na unazifumua wenyewe zikichakaa. Shavu jipya nyuzi zake ni laini, zimelegea, ndiyo maana linatanuka ukipiga mwayo. Popoo inakwaruza na kuunguza. Mwili unashona palipochanika. Kesho unakwaruza tena, unashona tena juu ya mshono. Na ndani ya popoo mna kitu kinachozuia kufumua, na kingine kinachokaza mafundo. Miaka hamsini unashona bila kufumua. Mwisho shavu linakuwa turubai."

"Hilo ndilo linalofunga mdomo."

"Ndilo."

"Na hiyo saratani inatoka kwenye uzi?"

"Hapana. Saratani ni chembe iliyoharibika, inazaana bila kusikia amri. Popoo hiyohiyo ndiyo inayoiharibu. Lakini nyuzi ndizo zinazoamua itafika wapi. Kwenye wavu laini inazubaa, haina pa kukanyaga, mara nyingine inakaa hapohapo miaka. Kwenye wavu mgumu inachokozeka. Inahisi ule ugumu, inakua kwa nguvu zaidi. Na nyuzi zikishakaza zinanyooka, zinapangika upande mmoja—"

"Inatembea juu yake," akasema Plielin.

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Wajomba zangu walivuta mizizi juu ya mto," akasema Plielin, polepole, kwa sababu kila neno lilipita kwenye ufa wa meno. "Miaka ishirini na mitano ilikuwa kamba tu, zinaning'inia, hata panya akikanyaga anaanguka majini. Watu waliwacheka. Halafu mizizi ikanenepa, ikabanana, ikakaza. Leo wanapita watu hamsini na mizigo mgongoni. Mto uko palepale. Kilichobadilika ni mizizi." Akajigusa shavu. "Basi mimi nimeujengea huo uchafu daraja. Kwa mkono wangu. Kila siku fundo moja."

"Ndiyo, Mama," akasema daktari. "Sikuwahi kulieleza vizuri hivyo."

"Usinisifu. Daraja la huyu," akamwonyesha Darisuk kwa kidevu, "limefika wapi?"

"Liko nusu. Lililokwisha kukaza halifumuki, au linafumuka kidogo sana. Ila akiacha leo, na akifanya mazoezi ya kupanua taya kila siku, linaweza kusimama hapo. Asipoacha, siwezi kukuahidi kitu."

"Na la kwangu?"

"Kwenye la kwako, saratani imeshavuka ukingo mmoja. Tutakata."

Walimkata. Walichukua nusu ya taya na shavu, wakamchoma kwa mionzi, na mionzi nayo ikaacha makovu yake, shingo ikawa ngumu kama mpini. Alirudi Umsohlang akiwa na uso wa upande mmoja. Kijiji kilikuja kumwona, kikaletewa sinia kama kawaida, kikatafuna na kusikitika. Plielin aliketi akawatazama wanavyosokota kushoto, kulia, kushoto. Hakuwazuia. Alipoulizwa kama anataka watu watoke apumzike, alisema hapana, wakae, anahesabu mashavu.

Sheria ya nyumba sasa ilikuwa moja: Darisuk hatii kitu mdomoni, na kila asubuhi anapachika vijiti bapa vya mbao kati ya meno, kimoja juu ya kingine, mpaka machozi yamtoke. Vilianza saba. Plielin alikaa mbele yake na fimbo.

"Ongeza."

"Ngh-ngh."

"Ongeza! Ukiwa na nguvu ya kulia una nguvu ya kuongeza."

Lakini mtu asiyekula tambuu kwetu atakaa na nani? Darisuk alikwenda kusuka makapu na wenzake. Sinia likazunguka, likamfikia, akakataa. Mara ya kwanza wakamwonea huruma. Mara ya tatu wakaacha kumwita. Mama mkwe wake akauliza kama siku hizi wamekuwa wazungu. Na siku moja Plielin alimkuta nyuma ya ghala la popoo, shavu la kushoto limejaa.

Alimkamata nywele kwa mkono mmoja, akatia kidole cha mkono mwingine mdomoni, akakikomba kile kitu chote, chokaa na jani na mate mekundu, akakibamiza ukutani. Kisha akampiga kofi.

"Nipige tena!" Darisuk akalia. "Umeninyang'anya marafiki, umeninyang'anya wakwe, ninyang'anye na meno! Wewe ulikula miaka hamsini nani alikupiga?"

"Hakuna," akasema Plielin. "Nitazame."

"Nimekutazama mpaka nimechoka!"

"Tazama tena."

Habari zikafika sokoni kabla ya popoo zenyewe. Therilin alikuwa anamngoja.

"Kong Plie," akasema, safari hii bila kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, "nimesikia mwanao umemkomba mdomo kwa kidole. Umefanya vizuri. Sasa niambie: hizi ulizozipanga hapo, za nani? Za watoto wetu? Wa kwako afe na miaka tisini, wa kwetu tuwafunge midomo kwa bei nafuu?"

Na Plielin Khonglamet, binti wa Drolis, hakuwa na jibu. Afadhali lisemwe. Maadui zake hawakupata kumwona hivyo kabla, na hawakumwona hivyo tena. Hakufunga biashara. Shamba la Sapli halioti kitu kingine, na ukoo haung'olewi mizizi kwa sababu ya aibu ya siku moja. Lakini tangu soko lililofuata, kila mnunuzi aliyeinama mbele ya jiwe lake alishikwa kidevu.

"Hii itakufunga mdomo kama wangu. Vidole vitatu, weka. Weka nikuone! Viwili? Toka hapa. Nenda kwa Therilin akakuue yeye."

Wengine waliondoka wametukana. Wengi walicheka na kununua zaidi, wakisema Kong Plie amepata njia mpya ya kupandisha sifa za popoo zake. Hilo lilimkasirisha kuliko saratani.

Saratani ilirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Safari hii shingoni, uvimbe mgumu kama mbegu ya embe chini ya sikio. Bidahun alishuka ngazi zile akaugusa, akaumulika kwa kurunzi yake. Plielin alimwambia asijisumbue kutafuta maneno, imeshavuka daraja, basi. Hospitali hakurudi.

Alilala karibu na moto. Alikunywa uji wa wali kwa mrija wa mwanzi. Darisuk alikuwa amefika vijiti kumi na vitatu, na vidole vyake vitatu viliingia kwa shida, vikiwa vimebanana, lakini viliingia. Plielin alimtaka avionyeshe kila asubuhi, na kila asubuhi alisema havitoshi.

Siku moja mchana, mvua imepumzika, alimwita. Sauti ilikuwa imebaki kama ya kuni zinazofuka. Darisuk alipiga magoti na kusogeza sikio.

"Nisikilize, nisirudie. Nikifa watakaa hapa siku tatu. Watu mia, mia mbili. Hakuna atakayeingia bila tambuu mkononi. Watakupa wote. Mama mkwe wako atakupa. Therilin atakupa huku analia, na kilio chake kitakuwa cha kweli, jihadhari nacho. Watasema unamkosea marehemu."

"Najua, Mama."

"Hujui. Na wakimtaja marehemu watasema lile wanalosema wote: Plielin sasa anakula tambuu nyumbani kwa Mungu. Walisema hivyo kwa mama yangu. Walisema hivyo kwa Trosibon. Mimi wasiniseme hivyo. Umenisikia? Akilisema mtu, simama. Mbele ya wazee wa ukoo, mbele ya baraza, simama useme: Hali tambuu. Ameacha. Na mimi nimeacha."

Darisuk alikuwa analia.

"Mama, hilo hakuna aliyewahi kulisema. Watanitoa nyumbani."

"Nyumba ni yako, watakutoa kwenda wapi? Futa kamasi. Sema nikusikie."

"Hali tambuu," akasema Darisuk. "Ameacha. Na mimi nimeacha."

"Kwa hiyo sauti? Nani atakusikia? Fungua mdomo ndiyo useme. Tena."